Shajara ya mradi: hita nne za kuhifadhi joto, flati moja ya Leicester

Mahali: flati ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili, jengo la miaka ya 1970, Leicester, Uingereza. Gesi haimo. Joto lote linatoka kwenye hita nne kuukuu za kuhifadhi joto, na maji ya moto yanatoka kwenye tangi lenye elementi (kipashio cha umeme) ya kW 3. Waswahili wanaohamia Uingereza hukutana na hita hizi katika flati nyingi zisizo na gesi, na kwa aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam ni kitu kigeni kabisa: sanduku la chuma lililojaa matofali mazito ya madini, na elementi zimepita katikati yake. Usiku, umeme ukiwa bei nafuu, matofali yanapashwa. Mchana yanatoa joto polepole. Bei hiyo ya saa saba za usiku, Economy 7, ilianza mwaka 1978.

Kazi: kuondoa zote nne, kuweka za kisasa zenye feni na thamostati ya elektroniki, na kuacha nyaya katika hali inayokubaliwa na BS 7671, kanuni za ufungaji umeme za Uingereza, toleo la 18 pamoja na marekebisho yake.

Siku ya 1. Ukaguzi

Mita moja, bodi mbili za kugawa umeme. Bodi ya kutwa ina umeme saa 24: taa, soketi, jiko, bafu ya umeme ya kW 8.5. Bodi ya usiku ina hita na tangi tu, na inapata umeme pale saa ya mita inapofunga swichi yake, yaani kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi. Saa hiyo haifuati mabadiliko ya majira, kwa hiyo wakati wa kiangazi kila kitu kinasogea mbele kwa saa moja.

Hapa ndipo ajali za kazi hii zinapozaliwa. Mchana, testa ikiwekwa kwenye waya wa hita haioni kitu. Fundi mgeni anasema waya umekufa, anafungua kisanduku, anaanza kukata. Waya huo haujazimwa na mtu yeyote. Unasubiri saa tu. Tena mita nyingine huongeza muda wa kuchaji alasiri, na mita ya kisasa hupokea amri kutoka mbali. Aliyezoea mgao wa umeme nyumbani analijua hili bila kufundishwa: umeme ukikatika hushiki waya wazi, maana ukirudi haupigi hodi. Kanuni ya mradi huu ni kwamba sakiti ya usiku ni hai hata saa sita mchana, mpaka swichi kuu ya bodi yake izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeshika nyaya.

Mpangilio wa kuhakikisha, kila mara, bila kuruka hatua: jaribu testa ya ncha mbili kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme, pima laini kwa nyutrali, laini kwa ardhi, nyutrali kwa ardhi, kisha rudi ujaribu testa tena kwenye chanzo kile kile. Kwenye sakiti ya usiku chanzo hicho kisiwe waya wa bodi ya usiku, kwa kuwa mchana hauna kitu cha kuonyesha. Tumia kifaa kidogo cha betri kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kalamu ya kugusa yenye taa haihesabiki kuwa testa.

Yaliyoonekana:

- Bodi ya usiku ni ya fyuzi za waya wa kufunga kwa mkono, haina RCD yoyote, yaani kilinzi kinachokata umeme unapovuja.
- Kebo ni mm² 2.5, waya wa ardhi ndani yake mm² 1.0 tu, kama zilivyokuwa zamani. Za leo zina 1.5.
- Hita za zamani: kW 3.4 sebuleni, 2.55 chumba kikubwa, 1.7 chumba kidogo, 1.7 ukumbini. Jumla kW 9.35, karibu amperi 41.
- Fyuzi kuu amperi 60, na nyaya za kutoka mita mm² 16.
- Hita tatu zina kibandiko cha miaka ya 1980. Ya ukumbini haina kibandiko na umbo lake ni la zamani zaidi. Haikufunguliwa.

Siku ya 2. Hesabu ya joto

Kosa la kawaida ni kusoma kW ya hita ya zamani na kununua mpya ya namba ile ile. Hita ya zamani ilivujisha joto lake kabla ya jioni, ndiyo maana ilifanywa kubwa. Hesabu ianze kwenye chumba.

Sebule ni mita 4.5 kwa 3.6, kimo 2.4, ujazo m³ 38.9. Ukuta mmoja tu uko nje: m² 10.8, dirisha likichukua 2.4. Ukuta una uwazi katikati usiojazwa kitu, basi tumetumia wati 1.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Dirisha la vioo viwili la zamani, 2.8. Ukuta 12.6, dirisha 6.7, hewa inayobadilika mara moja kila saa, 12.8: jumla wati 32 kwa kila digrii moja. Ndani 21, nje chini ya sifuri kwa digrii 3, tofauti 24. Chumba kinapoteza wati 770 hivi, sawa na kWh 18.5 kwa siku ya baridi kali.

Hita inayochaji kwa kW 2.2 kwa saa 7 inaweka kWh 15.4: haitoshi. Ya kW 2.76 inaweka 19.3: inatosha. Ukuta ule ukijazwa kizuio cha joto na kushuka hadi 0.5, sebule hiyo hiyo ingehitaji kWh 13.7 tu, na hita ndogo ingetosha. Jengo lina wamiliki wengi na ujazaji wa kuta haukupatikana kwa sasa, lakini mwenye nyumba yake peke yake aanze na ukuta. Hita ni ya miaka, ukuta ni wa maisha.

Uamuzi: 2.76 sebuleni, 1.56 kila chumba cha kulala, 1.02 ukumbini. Jumla kW 6.9, amperi 30.

Hita za kuhifadhi joto hazipunguziwi hesabu kwa dhana kwamba hazitawaka pamoja. Zinawaka pamoja, dakika ile ile, kila usiku. Ukiongeza tangi (amperi 13) na mtu anayeoga kabla ya saa moja na nusu asubuhi (amperi 37), ni amperi 80 kwenye fyuzi ya 60. Na mzigo wa zamani ulikuwa mkubwa kuliko huu. Fyuzi haikukatika kwa sababu fyuzi ya aina hiyo hustahimili ziada kwa muda, huku kishikio chake kikipikwa polepole. Ombi limepelekwa kwa kampuni ya mtandao. Fyuzi kuu na lakiri zake haziguswi na fundi wa nyumba.

Siku ya 3. Kibali

England, kubadilisha hita moja kwa nyingine kwenye sakiti iliyopo hakuhitaji taarifa kwa halmashauri. Kuongeza sakiti mpya au kubadilisha bodi kunahitaji, chini ya Part P ya kanuni za ujenzi. Hapa tuna vyote viwili. Fundi aliyesajiliwa na chombo kama NICEIC au NAPIT anathibitisha kazi yake mwenyewe na kutoa taarifa. Asiyesajiliwa ni lazima aiarifu ofisi ya udhibiti wa majengo kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza.

Siku ya 4 hadi 8. Ya ukumbini

Hita zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zinaweza kuwa na asbesto kwenye mbao za kuzuia joto zilizozunguka matofali. Vumbi lake linaua mapafu, na halionekani wala halinuki. Sampuli ilichukuliwa na watu wenye ujuzi wa asbesto, ikarudi na jibu kwamba imo. Hita ilitolewa nzima na kampuni yenye leseni, imefungwa, bila skrubu hata moja kufunguliwa ndani ya flati. Hili liliongeza siku tano na gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Asiyejua umri wa hita yake asiifungue, hata kwa kuchungulia.

Kampuni ya mtandao imekuja siku ya 7: fyuzi kuu sasa amperi 100.

Siku ya 9. Kuvunja hita tatu

Zilizimwa siku tatu kabla. Matofali yana joto la kuunguza hata saa 24 baada ya kuzimwa. Mfuniko wa mbele unapoa mapema na kumdanganya anayegusa.

Hita ya sebuleni ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Haibebwi wala haiburutwi. Inafunguliwa hapo hapo. Mfuniko, ubao wa mbele, tofali moja moja, elementi, kisha sanduku tupu. Barakoa ya FFP3 na glavu wakati wote, maana hata kizuio kisicho na asbesto kinatoa nyuzi na vumbi la kuwasha. Matofali yamepangwa chini katika marundo mafupi kuzunguka chumba, si rundo moja refu katikati ya sakafu. Chuma na elementi zimekwenda kwenye kituo cha taka za umeme.

Nyuma ya hita ya chumba kikubwa, fleksi, waya laini unaotoka ukutani kuingia kwenye hita, ilikuwa ya plastiki ya kawaida. Ganda lake limekauka na kupasuka kama jani la mnazi lililoachwa juani. Fleksi ya hita ya kuhifadhi joto iwe ya kustahimili joto, nyuzi tatu za mm² 1.5. Wa kwanza kuibadilisha alitumia iliyokuwa mkononi.

Siku ya 10. Kebo

Kebo nne za zamani zimepimwa kwa volti 500, ncha zote zikiwa zimefunguliwa. Kanuni inataka angalau megaomu 1.

- Sebule, mita 12: zaidi ya 200.
- Ukumbi: zaidi ya 200.
- Chumba kidogo: zaidi ya 200.
- Chumba kikubwa: nyutrali kwa ardhi 0.4. Imekataliwa.

Msumari wa ukanda unaoshikilia zulia umetoboa kebo pale inapopanda kutoka sakafuni. Bila RCD, kasoro hiyo ingeweza kukaa miaka mingi bila kujitangaza. Kebo mpya mita 9 imepitishwa.

Chumba kidogo kilileta shida ya namna nyingine. Kebo yenyewe ni nzima, lakini ukuta umewekwa bodi ya jasi na kizuio cha joto ndani, na kebo inaelea katikati ya kizuio. Katika hali hiyo kebo ya mm² 2.5 haipewi tena amperi 27 za kebo iliyobanwa juu ya ukuta, inapewa 13.5. Breka, swichi inayojikata mzigo ukizidi, ya amperi 16 isingeilinda. Hita mpya inavuta amperi 6.8 tu, basi breka ya amperi 10 imetatua jambo bila kubomoa ukuta. Wengi hubadilisha hita na kuacha breka ya 16 kwa mazoea.

Sakiti mpya ya saa 24, kwa ajili ya feni, skrini na elementi ya kuongeza joto mchana: kebo ya mm² 2.5 kutoka bodi ya kutwa, breka ya 16 yenye RCD ndani yake (RCBO), inapita kwenye mifereji ya plastiki juu ya mbao za chini ya ukuta, na kufikia hita zote nne. Mita 19 hadi ya mwisho. Elementi zote za mchana zikiwashwa pamoja ni amperi 13.7. Hata tukichukulia mzigo wote uko mwisho, volti zinazopotea ni 4.7, na ruhusa ni 11.5.

Siku ya 11. Bodi ya usiku

Bodi mpya ya chuma, kwa kuwa kanuni inataka kisanduku kisichoshika moto. Kila sakiti ina RCBO yake, breka na kilinzi cha uvujaji katika kifaa kimoja, mA 30, aina A. Aina AC ingetosha kwa hita za zamani zisizo na elektroniki; hizi mpya zina saketi ndogo ndani, na aina A ndiyo sahihi. Sebule amperi 16, vyumba na ukumbi 10 kila kimoja, tangi 16. Kilinzi cha radi na milipuko ya volti kimewekwa. Nyaya za kutoka mita mm² 25, waya mkuu wa ardhi mm² 16, na bomba la maji limeunganishwa na ardhi kwa mm² 10.

Faida ya RCBO kwa kila sakiti inaonekana usiku wa manane: moja ikiruka, hita nyingine tatu zinaendelea kuchaji. RCD moja kwa zote ingeacha nyumba nzima bila joto kwa kosa la hita moja, na mwenyeji angeligundua asubuhi.

Siku ya 12. Kufunga

Kila hita ina njia mbili za umeme. Hatari ni dhahiri: mtu anazima ya usiku, anadhani amemaliza, na ya kutwa bado ipo. Kando ya kila hita imewekwa swichi pacha inayokata laini zote mbili pamoja na nyutrali zake kwa mkono mmoja, na bango la onyo la vyanzo viwili.

Miguu ya hita isikanyage ukanda wenye misumari wa zulia. Hita inainama mbele na skrubu za ukutani zinabeba uzito usio wao. Zulia limekatwa na ukanda umesogezwa. Kwenye ukuta wa jasi wa chumba kidogo, skrubu zimeingia kwenye mbao za ndani. Kazi ya skrubu hizo ni kuzuia hita isianguke, si kuibeba.

Elementi za sebuleni ni tatu za wati 920. Kila moja ikipimwa kabla ya kuunganishwa inatoa omu 57 hivi. Zote tatu kwa pamoja 19. Kipimo cha dakika mbili kinachookoa kufungua hita iliyojaa matofali.

Siku ya 13. Vipimo

Ukinzani wa njia nzima ya umeme wa hitilafu, kutoka nje hadi bodini, ni omu 0.21. Sebule kwa kebo ya zamani: 0.52. Ncha ya mwisho ya sakiti ya saa 24: 0.58. Ukomo wa breka ya aina B ya amperi 16 ni 2.73, na ukiruhusu kebo kupata joto tunataka chini ya 2.18. Kwa hiyo waya mwembamba wa ardhi wa mm² 1.0 haukuzuia kitu. RCBO zote zimekata chini ya milisekunde 40 kwa mA 30. Ukomo ni 300.

Upimaji wa volti 500 umefanywa kabla ya kuunganisha hita. Ukiupitisha kwenye elektroniki unaiua, na dhamana haikusaidii.

Skrini zote nne zimewaka. Elementi za mchana zimejaribiwa kwenye hita tatu. Ya chumba kidogo imeachwa kwa kukosa muda.

Usiku wa 13. Hitilafu mbili

Saa sita na nusu, bodi ya usiku imepata umeme. Papo hapo RCBO ya chumba kidogo imeruka, na RCBO ya sakiti ya saa 24 imeruka pamoja nayo. Skrini zote nne zimezima. Dakika ishirini baadaye, RCBO ya sebule imeruka peke yake.

Zikiruka mbili kwa pamoja kwenye bodi mbili tofauti, usitafute uvujaji. Tafuta nyutrali zilizobadilishana. Umeme wa usiku unatoka kwa laini yake na kurudi kwa nyutrali ya kutwa: RCBO ya kwanza inaona umeme umetoka haujarudi, ya pili inaona umerudi usiotoka kwake. Mchana skrini ilivuta wati chache tu, chini ya mA 30, ndiyo maana haikuonekana. Jaribio la elementi ya mchana lililorukwa lingelifichua. Nyutrali mbili ndani ya swichi pacha zimegeuzwa na kupewa alama.

Ikiruka moja peke yake baada ya kupata moto, ni unyevu. Unga ulio ndani ya elementi hufyonza maji ghalani. Elementi moja ya sebule imepimwa megaomu 0.3. Imetolewa na kuwekwa mahali pakavu penye joto kwa siku mbili. Imepanda hadi zaidi ya 20. Kuipitisha nje ya RCBO ili ikauke kwa nguvu hakukufikiriwa.

Siku ya 16

Sebule imechaji usiku mzima bila kukatika. Madirisha yalifunguliwa kwa saa chache kutokana na harufu ya kizuio kipya kinachopata moto mara ya kwanza. Ni kawaida, na inaisha baada ya mizunguko miwili au mitatu.

Mwenyeji ameonyeshwa mambo mawili: kuweka saa anazotaka joto na digrii zake, na kuiacha hita iamue yenyewe ichaji kiasi gani. Mtu aliyezoea vitufe viwili vya zamani huzima ukutani anapotoka. Hita mpya ikizimwa hivyo inapoteza hesabu yake ya siku zilizopita, na usiku unaofuata inachaji kwa kubahatisha.

Siku ya 20. Hati

Cheti cha ufungaji umeme chenye jedwali la vipimo kimetolewa, na taarifa ya Part P imetumwa. Ndani ya mlango wa bodi ya usiku kuna bango: BODI HII INAPATA UMEME KWA SAA YA MITA. KUTOKUWA NA UMEME SASA SI KUZIMWA. Limeandikwa kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kiswahili kwa ajili ya wenyeji.

Linalosubiriwa: mita ya kisasa yenye vituo vitano, ambapo cha tano ndicho kitakacholisha bodi ya usiku. Siku ikiwekwa, laini na nyutrali zikaguliwe upya kwenye bodi zote mbili, na saa ya kuanza kuchaji isomwe usiku huo huo kwenye skrini ya sebule.